Elimu ya Biashara Ifike Kwenye Mizani

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu, iliyosomwa mbele ya wajumbe na wageni siku ya sherehe ya miaka kumi, Misungwi



Kamati ya sherehe imetutaka sisi wa ofisi ya Katibu tuseme maneno machache juu ya elimu ya biashara kwa vijana, na hasa juu ya njia mpya za kufundisha kwa kompyuta, kwa simu na kwa mtandao, na kama njia hizo zinawafanya vijana wawe tayari kwa kazi. Tumelipokea jambo hili kwa furaha, maana halihusu vyuo peke yake. Linahusu fedha ya mkulima. Karani anayekaa mbele ya mizani katika gulio lako, ndugu mwanachama, alifundishwa na mwalimu fulani katika shule fulani. Akiwa amefundishwa vizuri, jasho lako li salama. Akiwa hakufundishwa vizuri, hasara itakupata wewe kabla haijampata mtu mwingine yeyote.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Ushirika wa Usukumani ulizaliwa kwenye mizani. Zamani mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi. Mnunuzi akapima, mnunuzi akasoma, mnunuzi akalipa. Mkulima hakuwa na njia ya kujua kama uzito ulioandikwa ndio uzito alioubeba kichwani toka shambani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa wakaanza kuweka watu wao wenyewe wasimame kando ya mizani na kuisoma kwa macho yao. Mmoja wa waliowaongoza alikuwa Paul Bomani, ambaye alikwenda kusomea mambo ya ushirika katika chuo cha Loughborough, Uingereza, kisha akarudi kuitumia elimu hiyo nyumbani. Mwaka 1955 vyama vikaungana na kuunda Victoria Federation of Co-operative Unions, na kabla ya nchi kupata Uhuru mwaka 1961 umoja huo ulikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika.

Lakini ukubwa ulikuja upesi kuliko elimu. Vyama viliongezeka, pamba iliongezeka, fedha iliongezeka, na watu wa kuziandika na kuzitunza hawakutosha. Serikali ililiona jambo hilo, na mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kikaanzishwa Moshi. Hata hivyo Kamati Maalumu ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 ilitaja, miongoni mwa maradhi ya vyama, uchache wa watumishi wenye ujuzi na wanachama kutojua vya kutosha mambo ya chama chao. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa. Sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982. Sababu za kuvunjwa zilikuwa nyingi, nasi hatusemi kwamba ni hesabu mbaya tu zilizoviangusha. Tunasema hivi: chama ambacho wanachama wake hawawezi kuzisoma hesabu zake, na watumishi wake hawawezi kuzieleza, hakina mtu wa kukitetea siku ya shida.

Ndiyo maana twasema elimu ya biashara ni jambo la uhai wa ushirika wetu.

Wako wazee wanaodhani kwamba kufundisha watu walio mbali, bila mwalimu kusimama mbele yao, ni mambo ya vijana wa siku hizi. Sivyo. Mwaka 1964 Kituo cha Elimu ya Ushirika kilianza kazi kule Moshi, kwa msaada wa wanaushirika wa Sweden. Masomo yake yalipelekwa vijijini kwa posta na kwa redio. Wanachama walikusanyika kwa vikundi wakaisikiliza redio, mmoja akasoma kijitabu kwa sauti, wengine wakauliza na kubishana, na majibu yakaandikwa na kurudishwa kwa posta. Redio ile ilikuwa mashine, na bahasha ile ilikuwa mtandao wa siku zile. Jambo lililoleta faida lilikuwa hilo la katikati, yaani watu waliokaa pamoja na kulijadili somo juu ya chama chao wenyewe, wakiwa na daftari za chama hicho mbele yao.

Sasa tutazame hali ya leo. Chuo kile cha Moshi ni Chuo Kikuu cha Ushirika tangu mwaka 2014, na kina kampasi yake Kizumbi, Shinyanga, ambako si mbali nasi. Chuo cha Elimu ya Biashara, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1965, kina kampasi Mwanza tangu mwaka 2007. Mwezi wa Machi mwaka 2020 shule na vyuo vyote vilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na vyuo vikafunguliwa mwezi wa Juni. Katika miezi ile watu wengi waliona kwa mara ya kwanza faida ya somo linaloweza kumfuata mwanafunzi nyumbani kwao, na wakaona pia kwamba mwanafunzi asiye na simu nzuri, wala umeme, wala fedha ya kununua vifurushi, somo lile halikumfikia.

Kwa upande wetu sisi wa vyama, mashine nazo zimekwisha kuingia. Magulio yanapokea mizani ya kidijitali. Mkulima analipwa kwa benki au kwa simu. Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeleta Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, huo tunaouita MUVU, ambamo chama huandika wanachama wake na kupeleka taarifa zake. Dengu na choroko zetu zimeuzwa kwa mnada wa mtandao kupitia Soko la Bidhaa, mzigo ukiwa ghalani na wanunuzi wakiwa mbali. Basi karani asiyejua kompyuta hawezi tena kuwa karani kamili. Juu ya hilo hatuna ubishi.

Tena njia hizi mpya za kufundisha zina mema yake ya kweli. La kwanza, somo lililorekodiwa husikilizwa tena na tena. Mwanafunzi aliye mzito wa kuelewa hesabu za mizania haoni haya mbele ya wenzake. Hulirudia peke yake mara nne, mara tano, mpaka limwingie. La pili, jedwali la hesabu la kompyuta humwonyesha papo hapo matokeo ya uamuzi wake. Akibadili bei ya mafuta ya lori, huona ziada ya chama ikipungua. Akibadili riba ya mkopo, huona deni likikua. Zamani hesabu kama hiyo ilichukua siku nzima kwa kalamu, na mwanafunzi alichoka kabla hajafika kwenye maana.

La tatu ni mchezo wa biashara. Wamarekani waliuanza katika miaka ya 1950, pale American Management Association ilipotumia kompyuta kuwafundisha mameneja kuendesha kampuni ya kubuni. Wanafunzi hugawanywa kwa vikundi, kila kikundi hupewa kampuni yake, wakanunua, wakauza, wakakopa, na mashine ikawaambia mwisho wa kila kipindi wamepata nini. Hebu fikirini mchezo wa namna hiyo ukitengenezwa kwa chama cha pamba. Vijana wanaanza msimu wakiwa na fedha kidogo na mkopo wa benki. Wanaamua wanunue magunia mangapi, wakodi lori au wangoje, wawalipe wakulima leo au baada ya kiwanda kulipa. Katika muda wa saa moja wamepita msimu mzima, na kikundi kilichotumia fedha yote mapema kimeona gulio lake likifungwa huku pamba ingali shambani. Kijana aliyeanguka katika mchezo hakumdhulumu mkulima hata mmoja. Hiyo ni faida kubwa sana, maana wengi wa watangulizi wetu walijifunza kwa fedha za watu.

Lakini, ndugu zangu, pamoja na mema hayo yote, kijana anaweza kuyapita masomo hayo kwa alama za juu na bado asiwe tayari kwa kazi. Tuwape mfano wa gulioni. Mkulima ameleta pamba katika magunia. Uzito wote ni kilo 188, magunia ni kilo 4, pamba ni kilo 184. Tuseme, kwa mfano tu, bei ya pamba safi ni shilingi 1,200 kwa kilo na bei ya fifi ni shilingi 600. Pamba yake ni safi, kwa hiyo haki yake ni shilingi 220,800. Karani kwa haraka anagusa neno fifi badala ya safi. Mashine inazidisha kwa uaminifu, inatoa risiti safi yenye shilingi 110,400, na fedha inaondoka kwenda kwenye simu ya mkulima. Hakuna kengele iliyolia. Mashine haikukosea hesabu hata kidogo. Imehesabu vizuri sana jambo lisilo la kweli. Nani ataliona kosa hilo? Ni mtu aliyeitazama pamba kwa macho yake, akaijua safi na fifi, kisha akaisoma risiti na kujiuliza kama yaliyoandikwa yanafanana na yaliyo mbele yake. Ujuzi huo haupatikani mbele ya kioo cha kompyuta peke yake. Hupatikana gulioni, vumbini, mstari ukiwa mrefu na jua likiwa kali.

Jambo la pili ni lugha. Elimu ya biashara katika sekondari zetu na vyuo vyetu hufundishwa kwa Kiingereza, na mitihani hufanywa kwa Kiingereza. Mkulima wa Bulemeji huuliza kwa Kiswahili, na bibi yake huuliza kwa Kisukuma: mbona fedha yangu imepungua? Kijana anayejua kuandika makato pande zote mbili za daftari, lakini hawezi kumweleza mama huyu kwamba shilingi kadhaa zimekatwa kulipia pembejeo alizokopa mwezi wa Novemba, kijana huyo amesoma nusu. Wala mama hatasema kwamba kijana amesoma nusu. Atasema kwamba chama kinaiba. Hivyo ndivyo imani inavyokufa katika ushirika, hata pale ambapo hakuna senti iliyoibiwa.

Jambo la tatu ni siku ambayo mtandao umekatika au umeme umezimika. Siku hiyo mkulima hawezi kuambiwa arudi na mzigo wake Misasi. Karani aliye tayari hufungua kitabu cha risiti, huandika kwa mkono nakala mbili, mkulima hutia sahihi au dole gumba, na jioni kila risiti huingizwa katika mashine mbele ya mjumbe wa bodi. Tena karani aliye tayari hujua kwamba neno lake la siri ni kama ufunguo wa kasha la fedha. Hamwazimi rafiki, hamwazimi hata mwenyekiti, maana kila kinachoandikwa kwa neno hilo kimeandikwa kwa jina lake, na mkaguzi akija atamwuliza yeye.

Kwa kuyafikiri hayo tunatazama hapa hapa wilayani, Ukiriguru. Watafiti wa kituo kile wamefanya kazi ya mbegu za pamba tangu miaka ya 1930. Mbegu njema huchaguliwa kwanza kituoni, katika vitalu vidogo, mahali ambapo kila mche unahesabiwa. Lakini haigawiwi kwa wakulima kwa sifa za kituoni tu. Hupandwa kwanza katika udongo mbalimbali, mvua ikiwa nyingi na mvua ikiwa chache, ili ionekane kama itasimama. Kompyuta ya chuo ndiyo kitalu chetu. Ni kitalu kizuri, na kijana asiyepita humo atachelewa. Lakini gulio ndilo shamba, nasi wanachama ndio wenye shamba hilo. Chuo kikitupigia hodi kutuomba mahali pa kuwapeleka wanafunzi wake, nasi tukawafungia mlango, tusilalamike baadaye kwamba vyuo havitoi watu walio tayari.

Na hapa ndipo penye uzito wa maneno yetu ya leo. Mara nyingi kijana wa mafunzo ya vitendo akija ofisini hupewa kazi ya kupanga mafaili, kupiga nakala na kutumwa chai. Wiki zake zikiisha hupigiwa muhuri na kuondoka bila kuiona mizani. Chuo huamini kwamba amefundishwa kazi, chama huamini kwamba chuo ndicho chenye kufundisha, na kijana hutoka akiwa na karatasi mbili zisizo na ujuzi ndani yake. Kisha tangazo la kazi hutaka uzoefu wa miaka mitatu. Ataupata wapi? Huo ni mlango tulioufunga sisi wenyewe wazee wa kazi.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, tunaleta mbele ya Mkutano Mkuu mapendekezo matatu, ili wajumbe wayapeleke kwenye vyama vya msingi na kuyajadili kabla ya kupiga kura.

Pendekezo la kwanza: kila msimu wa ununuzi Chama Kikuu kipokee vijana sita wanaosoma biashara, uhasibu au ushirika, watatu wavulana na watatu wasichana, wagawiwe kwenye magulio, wakae msimu mzima toka siku ya kwanza ya mizani mpaka siku ya kufunga hesabu. Chama kiwape posho ya chakula na mahali pa kulala. Kila mmoja awe chini ya karani mmoja mzoefu, na karani huyo aandike kila wiki kijana amejifunza nini.

Pendekezo la pili: chumba kimoja cha ghala letu la zamani kiwekwe kompyuta chache, na ndani yake tuweke daftari za chama cha kubuni, zisizo na fedha ya mtu. Humo vijana wajizoeze, na jioni wanachama wenyewe waingie, wakae kwa vikundi kama walivyokaa wale wa redio, wajifunze kusoma risiti, kusoma mizania, na kuuliza maswali mkutanoni. Masomo yawe kwa Kiswahili, na mtu asiyeelewa aelezwe kwa Kisukuma bila kuchekwa.

Pendekezo la tatu: mtu yeyote anayeomba ukarani, hata akiwa na shahada, afanyiwe jaribio mbele ya mizani. Apewe risiti kumi, tatu kati yake zikiwa na makosa, azitafute. Kisha amweleze mkulima mmoja makato yake, na mkulima huyo ndiye atakayesema kama ameelewa. Anayeshinda apewe kazi kwa haki, wala asiulizwe ni mtoto wa nani.

Twajua yatasemwa maneno juu ya mapendekezo haya. Wengine watasema fedha haitoshi. Ni kweli fedha ni chache, na kila shilingi itakayokwenda huko ni shilingi isiyogawiwa. Lakini gulio moja lililokosewa safi na fifi kwa wiki moja linaweza kula fedha nyingi kuliko posho ya vijana sita. Wengine watasema tutawafundisha kisha watakimbilia Mwanza mjini au Dar es Salaam. Baadhi watakwenda, tusijidanganye. Daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa mwaka 2025, njia ziko wazi, na kijana hafungwi kwa kamba. Lakini anayekwenda akiwa anajua kazi huliacha jina jema la Misungwi huko aendako, na anayebaki ni wetu. Wengine watasema mashine zitamaliza kazi za makarani. Zitapunguza kazi ya kuandika na kujumlisha, hilo ni kweli. Kazi ya kuikagua mashine na kuwaeleza wakulima itazidi kuwa kubwa.

Nanyi vijana mlio nyuma ya ukumbi, tuna neno kwenu. Zamani katika vijiji vya Usukuma vijana walikuwa na viongozi wao, basumba batale, ambao waliongoza kazi za shamba na kutunza nidhamu ya kundi. Nsumba ntale hakuheshimiwa kwa ufundi wa kusema tu. Aliheshimiwa kwa kuwa jembe lake lilikuwa miongoni mwa majembe ya wenzake. Someni kompyuta kwa bidii, chezeni michezo hiyo ya biashara, sikilizeni masomo kwenye simu zenu badala ya kuzimaliza kwa mambo ya upuuzi. Kisha msione haya kusimama kwenye vumbi la gulio na kushika gunia. Mtu aliyeligusa gunia huiandika namba yake kwa uangalifu zaidi.

Nanyi walimu wa vyuo mliotujia leo kama wageni wetu, twawaomba mtuletee wanafunzi wenu mapema, msingoje mwaka wa mwisho. Nasi tutawapa mifano ya kweli ya kuingiza katika masomo yenu, tukiwa tumeficha majina ya watu, ili mchezo wa kompyuta ucheze pamba ya Mbarika na dengu za Misasi badala ya viatu na sabuni za nchi za mbali.

Ndugu Mwenyekiti, tumemaliza. Mapendekezo yameandikwa kwa ukamilifu, na kila mjumbe atapewa nakala kabla ya kuondoka. Tunaomba yasomwe kwa sauti katika kila chama cha msingi, yapingwe mahali panapostahili kupingwa, na yarudi kwenye Mkutano Mkuu yakiwa na alama za mikono ya wakulima wenyewe.

Mungu aubariki ushirika wetu, ailete mvua kwa wakati wake.